Kitabu cha Kubandua

Miaka thelathini na moja nimeshona vitu visitoke.
Sare za Januari, zipu za suruali za askari magereza,
shanga za bibi harusi wa Kanyenye aliyecheza mpaka alfajiri
na hata moja haikudondoka.
Ndiyo sifa yangu hapa Isevya:
kwa Mama Sizya uzi haukatiki.

Halafu akaja Mwalimu Nyanzobe wa chekechea,
anataka kitabu cha kitambaa, kurasa nane,
"na kila kilichomo kitoke."
Kitoke?
"Kitoke, kirudi, kitoke tena. Hawa wanasoma kwa vidole."
Nikamtazama kama mtu aliyeniletea chungu kizima
akitaka nikitoboe.

Nikaanza kuokoteza.
Nata-nata nilizibandua kwenye viatu vya mtumba vilivyopotezana na wenzao,
zinalia krrraa, kama mtu anachana barua.
Mzinga ni gunia la tumbaku kutoka Urambo,
nimelifua mara tatu na bado linakupigisha chafya.
Garimoshi la kitenge lina mabehewa manne;
ukitaka lifike Kigoma na mawili, ruksa,
ndivyo linavyofikaga.
Jongoo nilimvika viatu ishirini,
nikachoka, miguu iliyobaki ikaenda peku.
Na nyuki: saba, wa khanga ya njano iliyopauka,
milia ya uzi mweusi, tundu la kifungo tumboni,
na vifungo vyao saba mlangoni pa mzinga.

Ijumaa ya kwanza nyuki walirudi saba.
Ijumaa ya pili, sita.
Mifuko ikapekuliwa. Soksi. Chini ya mkeka.
Mwalimu Mkuu akaja mwenyewe, kitabu kwapani:
"Mama, vishone vyote moja kwa moja. Hii mali ya shule."

Nikatunga uzi.
Nisiwadanganye, mkono ulifurahi,
ulikuwa umerudi kwenye kazi yake.
Nyuki wa kwanza nikampiga mishono mitatu, nikakaza fundo.
Kisha nikamvuta, kama wanavyomvuta wao,
kwa kucha mbili.
Hakuja.
Nikaushika ukurasa mbali na macho
nikaona nimeshona kitambaa cha kufunikia redio.

Nikafumua.

Jumatatu nikakipeleka mwenyewe, nikaketi nyuma mkekani,
magoti yananilaumu.
Watoto wakahesabu nyuki kwa kelele,
wakafika sita, wakagombana.
Kabula anasema wa saba kaliwa.
Mwingine anasema amehamia Sikonge, kuna maua.
Mwingine akamweka jongoo mzingani ili watimie.

Hapo ndipo Mihayo akajisogeza.
Kwetu mihayo ni maneno,
na mwenye jina hilo ana miaka mitano
hajatoa neno hata la kuombea maji.
Akakipita kiatu cha jongoo, akalipita garimoshi,
akaweka kidole kwenye kifungo kitupu,
akakizungusha polepole
kama anatafuta stesheni.

"Katoka," akasema.

Hakutuambia sisi. Alikiambia kifungo.
Na mimi niliyeliogopa neno hilo miaka thelathini na moja,
neno la mteja anayerudi na shati mkononi, uso umefura,
nikalisikia likitamkwa kama habari njema.

Mkono wake wa pili ulikuwa umefumba.
Sikumwomba aufumbue.

Mwalimu Nyanzobe anasema nimshone nyuki mwingine,
hesabu ikae sawa mkaguzi akija.
Nimemwambia sawa.
Kipande cha njano kiko mezani, chini ya mkasi,
wiki ya tatu sasa.
Ninakisogeza nikitaka nafasi ya sare,
halafu ninakirudisha.